Haraka na Tahadhari Kitandani: Vifaa Kinga Katika Kazi ya Kurudisha Uhai

Wahenga waliacha methali mbili ambazo kwa haraka huonekana kupingana. Ya kwanza yasema haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Ni vigumu kupata mahali ambapo methali hizi mbili hukutana kwa uzito zaidi kuliko kando ya kitanda cha mgonjwa aliyeacha kupumua. Hapo kila sekunde ina thamani, na mtoa huduma hutamani kuruka moja kwa moja hadi kifuani mwa mgonjwa. Lakini hapo hapo damu, matapishi na pumzi ya mgonjwa vinaweza kubeba maradhi yatakayomuua mwokoaji, kisha familia yake, kisha wagonjwa wengine wodini.

Wananchi wengi wa Mkoa wa Katavi wamewahi kusimama nje ya mlango wa chumba cha kujifungulia au cha dharura, wakamwona muuguzi akivaa glovu, aproni, barakoa na miwani kabla ya kumgusa mgonjwa wao. Baadhi hukasirika na kusema kwamba mtu wao anakufa huku mhudumu anajipamba. Hasira hiyo yaeleweka, kwa kuwa inatoka kwenye upendo na hofu. Hata hivyo, yatokana pia na kutofahamu kinachofanyika. Somo hili linaeleza vifaa kinga ni nini, vinaisaidiaje timu ya uokoaji, vinaielemeaje, na jinsi gani zahanati, kamati za vituo na wananchi wanaweza kupunguza mzigo huo bila kuiacha kinga.

MAANA YA MANENO

Kurudisha uhai, au ufufuaji kama wataalamu wanavyouita, ni jumla ya hatua za haraka anazofanyiwa mtu ambaye moyo wake umesimama au ambaye hapumui. Kwa mtu mzima, hatua iliyo kuu ni kukandamiza kifua katikati, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kukiacha kifua kirudi juu kila baada ya mkandamizo. Hatua ya pili ni kumpa hewa, aghalabu kwa mfuko wa mpira wenye kibarakoa ambao watoa huduma huuita ambu. Baadaye hufuata dawa, dripu, oksijeni na, penye uwezo, mashine ya kuushtua moyo.

Kwa mtoto mchanga mpangilio ni tofauti kidogo. Mtoto anayezaliwa bila kulia hukaushwa, hutiwa joto na husisimuliwa kwa kusuguliwa mgongo. Asipoanza kupumua, hupewa hewa kwa ambu ndogo, pumzi zipatazo 40 kwa dakika. Kazi hii yote hutakiwa kuanza ndani ya dakika ya kwanza tangu kuzaliwa, ambayo wakufunzi wa wakunga huiita dakika ya dhahabu.

Vifaa kinga ni mavazi na zana zinazomtenga mtoa huduma na vimelea vya maradhi. Vya kila siku ni glovu, aproni, barakoa ya kawaida, miwani au ngao ya uso, na mabuti. Pale penye ugonjwa unaoenea kwa hewa huongezwa barakoa inayobana vizuri usoni, kama ile ya N95. Na penye homa za kutoka damu, kama Ebola na Marburg, mtoa huduma hufunikwa mwili wote: ovaroli au gauni lisilopitisha majimaji, glovu jozi mbili, kofia, ngao ya uso na mabuti.

KWA NINI KINGA HAIWEZI KUACHWA

Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016, watoa huduma za afya zaidi ya 800 waliambukizwa, na zaidi ya 500 kati yao walifariki. Nchi ambazo tangu hapo zilikuwa na madaktari na wauguzi wachache zilibaki na wachache zaidi, na akina mama wajawazito pamoja na watoto wenye malaria walikosa wa kuwahudumia. Kwa hiyo kifo cha muuguzi mmoja huacha pengo lisilozibwa kwa miaka mingi, na wanaoumia ni watu ambao hawakuugua Ebola hata kidogo.

Hatari hiyo haiko mbali na Tanzania. Mnamo tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa kwanza wa ugonjwa wa Marburg nchini, katika Wilaya ya Bukoba, Mkoa wa Kagera. Watu 9 walihesabiwa kuugua na 6 walifariki, na miongoni mwa walioambukizwa walikuwamo watoa huduma za afya. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023. Mwezi Januari 2025 ugonjwa huo ulitangazwa tena mkoani humo, safari hii wilayani Biharamulo, na ukamalizika mwezi Machi. Kabla ya hapo, mwaka 2022, Uganda ilipokabiliwa na Ebola, daktari Mtanzania aliyekuwa masomoni nchini humo alikuwa mmoja wa watoa huduma waliopoteza maisha kwa ugonjwa huo.

Katavi ina sababu zake za kuwa macho. Mkoa huu unapakana na Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi iliyopata milipuko mingi ya Ebola kuliko nyingine yoyote. Bandari ya Karema na mialo ya wavuvi hupokea watu na mizigo. Barabara ya Kigoma na reli ya Tabora huleta wasafiri hadi Mpanda. Machimbo ya dhahabu huvuta vijana kutoka mikoa mingi, na kifua kikuu ni ugonjwa unaojulikana sana miongoni mwa wachimbaji. Tena, bila kungoja mlipuko wowote, damu ya kila siku ya chumba cha kujifungulia yaweza kuwa na virusi vya UKIMWI au homa ya ini aina ya B. Mkunga anayemhudumia mama anayetoka damu nyingi hana nafasi ya kuuliza kwanza majibu ya vipimo.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri kuwapatia wafanyakazi vifaa vya kujikinga na hatari za kazi yao. Kwa hiyo glovu na aproni ya muuguzi ni haki ya kisheria, wala hazipaswi kuhesabiwa kuwa fadhila ya mtu.

BEI YA SEKUNDE

Baada ya kuona uzito wa kinga, haki inataka upande wa pili nao uangaliwe. Kuchelewa kunaua, na Tanzania yenyewe imesaidia kuufundisha ulimwengu jambo hilo.

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walikaa vyumba vya kujifungulia na kupima kwa saa muda uliopita kati ya kuzaliwa kwa mtoto asiyepumua na kupewa pumzi ya kwanza ya ambu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba, kwa kila sekunde 30 za kuchelewa, hatari ya mtoto kufariki au kulazwa kwa muda mrefu iliongezeka kwa asilimia 16.

Msomaji na aitafakari hesabu hiyo. Mkunga asiyezoea, akianza kutafuta aproni kabatini, kufungua pakiti ya glovu kwa mikono yenye jasho na kurekebisha kamba za barakoa, hutumia dakika moja au zaidi. Dakika moja ni sekunde 30 mara mbili. Ovaroli kamili ya kuingilia wodi ya Ebola huhitaji dakika kadhaa, kwa kuwa kila hatua lazima ikaguliwe na mtu wa pili. Kwa mtu mzima ambaye moyo wake umesimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache tu za kukosa hewa. Basi mzigo wa kwanza wa vifaa kinga ni muda, na ndio mzito kuliko yote.

MIZIGO MINGINE MINNE

Mzigo wa pili ni joto na uchovu. Kukandamiza kifua ni kazi ya sulubu. Hata mtu aliyevaa nguo nyepesi huanza kupoteza nguvu ndani ya dakika moja au mbili, na mara nyingi mikandamizo yake hupungua kina kabla yeye mwenyewe hajahisi kuchoka. Ndiyo maana kanuni inataka wapokezane kila baada ya dakika 2. Ndani ya gauni lisilopitisha majimaji jasho halikauki, kwa hiyo mwili hukosa njia yake ya kujipoza. Katika miezi ya Septemba na Oktoba, jua la Mpanda linapowaka kabla ya mvua kuanza, na katika chumba kisicho na feni, mtu huyo huchemka kama aliye ndani ya chungu.

Mzigo wa tatu ni mawasiliano. Barakoa huifunga sauti na kofia huziba masikio, na wote waliovaa hufanana. Kiongozi wa timu anaposema, "Mpe adrenalini," watu wawili wanaweza kudhani kwamba mwingine ndiye aliyeambiwa, na dawa isitolewe. Au wote wawili wakaitoa. Uso nao umefichwa, kwa hiyo haionekani nani amechoka na nani hakuelewa.

Mzigo wa nne ni macho na vidole. Miwani huingia ukungu kutokana na pumzi ya mvaaji. Glovu jozi mbili hupunguza hisia za vidole, hivyo kutafuta mapigo ya shingoni au mshipa wa dripu kwa mgonjwa aliyepungukiwa damu huwa kugumu zaidi. Plasta hunasa kwenye glovu. Kukibana sawasawa kibarakoa cha ambu usoni mwa mtoto mchanga, jambo linalohitaji wepesi wa vidole, nako hutaka mazoezi ya ziada.

Mzigo wa tano huja mwishoni, wakati ambapo wengi hudhani hatari imepita. Ni kuvua. Nje ya gauni na glovu pamejaa vimelea, na aliyevaa amechoka, ana kiu, na pengine ana huzuni kwa sababu mgonjwa hakupona. Katika hali hiyo mkono hupanda usoni bila kufikiri, au ovaroli huvutwa kwa haraka na kurusha matone. Uzoefu wa Ebola umewafundisha watoa huduma kuihesabu hatua ya kuvua kuwa miongoni mwa zenye hatari kubwa kuliko zote.

TAFITI ZASEMAJE

Tangu kuja kwa UVIKO-19, ambayo mgonjwa wake wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, watafiti wa nchi mbalimbali wamefanya majaribio mengi wakitumia sanamu za mafunzo zenye vipimo ndani yake. Timu moja hukandamiza kifua cha sanamu ikiwa na nguo za kawaida, kisha ikiwa imevaa vifaa kinga, na matokeo hulinganishwa.

Majibu hayakufanana yote. Baadhi ya majaribio yalionyesha mikandamizo ikipungua kina kwa waliovaa. Mengine hayakuona tofauti ya maana. Mapitio yaliyozikusanya tafiti hizo na kuchapishwa mwaka 2023 yalifikia hitimisho lenye kutia moyo: kwa jumla haikuthibitika kwamba vifaa kinga hushusha ubora wa ufufuaji, wala kwamba hupunguza idadi ya wagonjwa wanaopona. Lililojitokeza waziwazi ni kwamba waliovaa walichoka zaidi.

Hitimisho hilo linahitaji kusomwa kwa uangalifu. Halisemi kwamba mavazi hayana uzito. Lasema kwamba watu waliofundishwa, wanaopokezana na wanaoongozwa vizuri wanaweza kuubeba uzito huo bila mgonjwa kupata hasara. Aidha, majaribio mengi yalifanyika kwa muda mfupi, katika vyumba vya mafunzo vyenye watu wa kutosha. Zahanati ya kijijini yenye muuguzi mmoja wa zamu ya usiku ni habari nyingine. Kwa hiyo swali linalobaki kwa Katavi ni jinsi ya kujipanga ili kinga isimnyang'anye mgonjwa muda wake.

NJIA YA KUPATANISHA METHALI MBILI

Jibu la kwanza ni kuvaa kabla ya dharura. Mtoto asiyepumua hutokea mahali panapojulikana, yaani chumba cha kujifungulia, na kwa saa inayokisiwa. Mkunga anayevaa aproni, mabuti, barakoa, miwani na glovu wakati mama anakaribia kusukuma, na aliyekwisha kuijaribu ambu na kuiweka mezani pamoja na vitambaa vikavu, hapotezi hata sekunde moja mtoto atakapozaliwa kimya. Dakika ya dhahabu huokolewa kabla haijaanza. Vivyo hivyo, katika chumba cha dharura, mtu mmoja wa kila zamu huteuliwa kuwa wa kwanza kuingia, na vifaa vyake hutundikwa mlangoni kwa mpangilio wa kuvaa.

Jibu la pili ni kuvaa kulingana na hatari. Si kila mgonjwa huhitaji ovaroli. Kwa mama anayejifungua pasipo dalili za homa ya kutoka damu, vifaa vya kila siku vyatosha. Kwa mwenye kikohozi cha muda mrefu, barakoa ya N95 na madirisha yaliyofunguliwa ni muhimu kuliko mabuti. Kwa msafiri mwenye homa kali na kutapika kutoka eneo lenye mlipuko, hakuna anayemgusa bila mavazi kamili, hata moyo wake ukisimama, kwa kuwa mwokoaji akiambukizwa watapotea wengi. Kuvaa pungufu ni kujihatarisha; kuvaa kupita kiasi ni kupoteza muda na vifaa. Uamuzi huu hufanywa mapema, mgonjwa anapopokelewa na kuulizwa historia ya safari zake, wala haungojwi hadi apoteze fahamu.

Jibu la tatu ni kugawana kazi. Wanaoingia chumbani wawe wachache, kila mmoja na kazi yake: kiongozi, wa kifua, wa hewa, wa dawa. Nje ya mlango abaki mmoja wa kupitisha vifaa na kuangalia saa. Majina au majukumu yaandikwe kwa kalamu nene kwenye plasta na kubandikwa kifuani. Anayeagiza ataje jina, na aliyeagizwa arudie agizo kwa sauti kabla ya kulitekeleza na aseme akishamaliza. Anayekandamiza kifua abadilishwe kila baada ya dakika 2, au kabla ya hapo iwapo mwenziwe anaona mikandamizo inapungua kina. Kukiri uchovu kuhesabiwe kuwa sehemu ya kazi, si aibu.

Jibu la nne ni kufanya mazoezi mara kwa mara, na kuyafanya ukiwa umevaa. Hapa tena Haydom imetoa somo. Watafiti waliona kwamba mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wafaulu mbele ya sanamu, lakini matendo yao mbele ya watoto halisi hayakubadilika. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara papo hapo kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa, kama ilivyochapishwa mwaka 2015. Mpango uliojengwa juu ya msingi huo ulipelekwa baadaye katika vituo 30 vya mikoa mitano, ukiwamo Tabora ambao ni jirani wa Katavi, nao pia ulipunguza vifo vya watoto. Dakika chache za mazoezi kila wiki, kwa sanamu, ambu na glovu jozi mbili, zina faida kuliko semina ndefu ya mara moja kwa mwaka.

Jibu la tano ni kuvua kwa utaratibu na kwa msimamizi. Mtu asiyechoka husimama mbele ya anayevua, akisoma hatua moja baada ya nyingine kutoka kwenye bango: osha glovu, vua glovu za nje, vua gauni kwa kulikunja nje likielekea ndani, osha mikono, vua ngao kwa kushika nyuma, osha mikono, vua barakoa mwisho, osha mikono tena. Kwa magonjwa kama Ebola na Marburg, maji ya klorini ya asilimia 0.5 hutumika kwa glovu na vyombo, na ya asilimia 0.05 kwa mikono mitupu. Baada ya hapo timu hupewa maji ya kunywa, hukaa chini na kuzungumzia kilichofanyika: kipi kilikwenda vizuri, kipi kilichelewa, na kwa nini.

NAFASI YA NDUGU NA WANANCHI

Ndugu aliye mlangoni anaweza kuokoa muda kwa kusema ukweli mapema: mgonjwa alitoka wapi, alimuuguza nani, alihudhuria mazishi gani, ana ujauzito wa miezi mingapi. Kuficha safari ya ng'ambo ya ziwa kwa kuogopa kutengwa humfanya mtoa huduma aingie bila kinga au achelewe baadaye akivaa upya. Mama anayejisikia uchungu au dalili za hatari akiwa mbali na kituo apigiwe simu mapema kwa namba 115 ya mfumo wa m-mama, isiyo na malipo, ili usafiri wa dharura uandaliwe na kituo kijiandae kumpokea. Kwa dalili za kutiliwa shaka za magonjwa ya mlipuko, namba 199 ya Wizara ya Afya nayo ni bure.

Inapotokea mtu mzima kaanguka ghafla sokoni au shambani, hapumui na haitikii, raia asiye na vifaa anaweza kumsaidia. Aite msaada, amfunike mdomo na pua kwa kitambaa chepesi, kisha akandamize kifua bila kumpulizia mdomoni, akipokezana na wengine hadi wafike kituoni. Mtoto, au mtu aliyeopolewa majini huko Ikola au Karema, huhitaji pia pumzi, kwa kuwa aliumizwa na ukosefu wa hewa. Hapo kwa kawaida msaidizi ni mtu wa nyumbani kwake, naye ataamua kwa ujuzi alio nao. Penye damu, mikono ifunikwe kwa glovu au mfuko safi wa plastiki, na ioshwe kwa sabuni mara baada ya kazi.

Lipo pia jambo la heshima. Mgonjwa anayeshikwa na watu wasio na nyuso huogopa, na ndugu wanaomwona akihudumiwa hivyo hudhani amekwisha kuhesabiwa maiti. Mtoa huduma mmoja atoke, asimame mbali kidogo, avue ngao yake ipasavyo na awaeleze kwa jina lake nini kinafanyika. Maneno machache ya namna hiyo huzuia ugomvi mlangoni na uvumi kijijini.

NAFASI YA KAMATI ZA VITUO

Kila zahanati na kituo cha afya kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe wanaotoka miongoni mwa wananchi. Kamati hizo hushiriki kupanga matumizi ya fedha zinazoingia moja kwa moja katika akaunti za vituo, na ndizo zinazoweza kuyageuza mafundisho ya somo hili kuwa glovu zilizopo kabatini. Zinapokutana, inafaa ziulize maswali yafuatayo.

Je, glovu, aproni, barakoa na miwani viko ndani ya chumba cha kujifungulia, au vimefungiwa stoo ambayo ufunguo wake huondoka na mtu saa kumi jioni? Kifaa kilichofungiwa usiku ni sawa na kifaa kisichokuwapo.

Je, maombi ya vifaa kwa Bohari ya Dawa hupelekwa kabla akiba haijaisha, na je, saizi za glovu na mabuti zinawafaa watumishi waliopo?

Je, ambu ya mtu mzima na ya mtoto mchanga zipo, ni safi, na zilijaribiwa mara ya mwisho lini?

Je, pana maji ya bomba au ndoo yenye koki karibu na mahali pa kuvulia, pamoja na sabuni na dawa ya klorini?

Je, mtumishi aliye peke yake usiku anajua nani wa kumwita, na huyo anayeitwa amefundishwa?

Maswali haya hayahitaji shahada ya udaktari. Mjumbe yeyote anaweza kuyauliza, kufungua kabati na kuangalia.

MUHTASARI

Vifaa kinga huchukua muda, huongeza joto na uchovu, huzuia sauti, hupunguza wepesi wa macho na vidole, na huleta hatari mpya wakati wa kuvua. Pamoja na hayo, kuviacha ni kumtoa mhanga mtoa huduma na wote watakaomhitaji kesho. Njia iliyothibitika ni kuviweka karibu, kuvivaa mapema kulingana na hatari, kugawana kazi na kupokezana, kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara ukiwa umevaa, na kuvua chini ya usimamizi.

Mwananchi atakayemwona tena muuguzi akifunga kamba za aproni kabla ya kuinama juu ya mgonjwa wake na ajue kwamba sekunde hizo zimepimwa. Na akiona muuguzi huyo amekwisha kuvaa kabla mgonjwa hajafika, ambu ipo mezani na maji yapo ndooni, ajue kwamba kituo hicho kimeyapa mafumbo yote mawili ya wahenga jibu lake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini dakika ya kwanza ya mtoto mchanga haipaswi kutumika kutafuta vifaa kinga?
2. Taja mizigo mitano ya vifaa kinga kwa timu ya uokoaji, na njia moja ya kupunguza kila mmoja.
3. Ni habari gani tatu ambazo ndugu wa mgonjwa anapaswa kuzitoa mapema mlangoni?
4. Katika zahanati ya kijiji au mtaa wako, glovu na ambu huwekwa wapi usiku, na nani ana ufunguo?